Jicho litangulie mkono: nyoka kwenye bustani ya nyumbani

Mvua zinapoanza Nyanda za Juu Kusini, kuanzia mwezi Novemba, maswali kuhusu nyoka huongezeka katika ofisi yetu ya wanyamapori. Mara nyingi mtu ameona nyoka kwenye mchicha au nyuma ya banda la kuku, na anauliza amfanyeje. Jibu letu ni fupi: rudi nyuma, mwache aondoke. Najua wengi hawaridhiki nalo, hasa wenye watoto wadogo, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Nyoka hali mboga. Anafuata panya, vyura, mijusi na mayai, na anatafuta mahali pa kujificha. Mahindi yakishavunwa na kuingia stoo, panya huhamia nyumbani, na nyoka huja nyuma yao. Rungwe, majani makavu ya migomba yanayoachwa chini ili yarutubishe udongo ni maficho mazuri. Iringa, vinyungu, yaani bustani za mabondeni, hubaki na unyevu wakati wa kiangazi, vyura hujaa humo, na walao vyura hawakosekani. Njombe na Makete, ambako mwezi Juni na Julai majani huamka yameganda, nyoka hutoka kuota jua asubuhi kwenye mawe, matofali yaliyopangwa na ukingo wa njia. Hapo huwa mzito wa mwendo, lakini kuuma bado anaweza.

Nyoka ninayetamani kila mwenye bustani amfahamu ni kifutu, ambaye wengine humwita moma. Ni mnene na mfupi, kichwa chake ni kipana, na mgongoni ana alama nyeusi na za manjano zilizopangana kama herufi V. Akilala juu ya majani makavu unaweza kumtazama usimwone. Nyoka wengi wakihisi mtetemo wa hatua hukimbia mapema. Kifutu hutulia palepale, akitegemea rangi yake imfiche. Basi hukanyagwa, au mkono hushuka kung'oa magugu mahali alipolala. Akikasirika hujaza mwili hewa na kuitoa kwa mlio mzito wa kufoka. Ukiusikia, simama. Tazama unatokea wapi, kisha rudi taratibu ulikotoka.

Swila naye hutema sumu akilenga macho, na inaweza kufika mita mbili na zaidi. Usiku huingia ndani akifuata panya na huweza kumuuma aliyelala sakafuni. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro humzuia yeye pamoja na mbu. Koboko ni wa maeneo ya chini yenye joto zaidi, kama bonde la Usangu.

Wengine wengi utakaowakuta hawana madhara kwa mtu. Yupo mdogo anayekaa chini ya kabichi akila konokono wasio na gamba, wale wanaotoboa majani ya mboga zako. Yupo wa kahawia mwenye mistari myeupe pembeni mwa kichwa, ambaye hukaba panya usiku kucha bila kudai malipo. Milima yetu pia ina nyoka wenye sumu wasiopatikana kwingi duniani: mmoja wa mitini alipewa jina la kisayansi kutokana na Rungwe, na mwingine mdogo wa ardhini hujulikana katika milima ya Udzungwa na Ukinga tu. Mimi huona ni hazina, ingawa najua jirani mwenye hofu hataiona hivyo siku ya kwanza.

Kwa kuwa si rahisi kuwatofautisha kwa haraka, sheria iwe moja kwa wote: usimshike, usimchokoze, usimfukuze kwa panga. Watu huumwa wakijaribu kuua nyoka ambaye alikuwa anaondoka. Hata aliyekatwa kichwa, kichwa hicho huweza kuuma kwa muda. Na yupo mweusi mdogo, hutoka ardhini baada ya mvua, ambaye jino lake hutokea pembeni ya mdomo, hivyo hata ukimshika nyuma ya kichwa atakuchoma. Ondoa watoto na mbwa, mwangalie ukiwa mbali, mpe njia. Akiingia ndani ya nyumba, funga mlango wa chumba, ziba uwazi wa chini kwa nguo, kisha mwite afisa wanyamapori.

Kazi kubwa ni kuifanya bustani isimpendeze. Kuni na matofali yapange juu ya kichanja, mbali na ukuta. Ziba mashimo ya panya, okota mayai kila jioni, usiache pumba zimemwagika. Fyeka njia ya kwenda chooni na kisimani. Kabla ya kuingiza mkono kwenye matandazo, majani ya maboga au rundo la samadi, pitisha fimbo ndefu au reki kwanza. Vaa gambuti, na usiku usitoke bila tochi. Kumwaga mafuta ya taa au kuchoma matairi ni kuharibu udongo na hewa bure. Usitegemee kwamba vitamfukuza nyoka.

Mtu akiumwa, mengi yanayofanywa kwa haraka ndiyo yanayomwongezea madhara. Kamba iliyokazwa juu ya jeraha huzuia damu, na sumu ya kifutu ambayo tayari inavimbisha mguu huua nyama upesi zaidi. Kuchanja huongeza kutokwa damu. Jiwe la nyoka, lile jeusi linalobandikwa kwenye jeraha, halifyonzi sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Linachofyonza ni saa ambazo mgonjwa angekuwa hospitali. Mlaze, mtulize, mvue pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe, na ufunge ubao kando ya mguu au mkono ulioumwa ili usitikisike, bila kukaza. Akitapika au akilegea, mgeuze alale ubavu. Kwa maumivu mpe parasetamoli, usimpe aspirini wala diklofenaki, kwa sababu huweza kuzidisha kuvuja damu. Sumu ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20 bila kusugua, kisha mpeleke hospitali.

Kama usafiri uliopo ni bodaboda, mgonjwa akae katikati na mtu mwingine amshike kwa nyuma. Usipoteze muda kumsaka nyoka. Kumbuka saa aliyoumwa na umbo ulilomwona. Hata asipokuwa na dalili, abaki chini ya uangalizi kwa saa 24, maana kope kulegea na kupumua kwa shida huweza kuchelewa kujitokeza. Mtoto huhitaji kipimo kilekile cha dawa ya kuzuia sumu anachopewa mtu mzima, kwa kuwa kipimo hufuata sumu ya nyoka, si ukubwa wa mtu.

Dawa hiyo haipo kila zahanati. Wiki hii ulizia kituo cha afya kilicho karibu nawe kama wanayo, na kama hawana ujue ni hospitali ipi inayo, kisha andika namba yake ya simu ukutani pamoja na ya dereva unayeweza kumwamsha usiku.