"Mchezaji wa ridhaa" kwenye kriketi ya Waingereza: lilikuwa na maana gani?

Ukisikia "ngumi za ridhaa" unaelewa mara moja: bondia hajaingia kwenye ngumi za kulipwa. Kwenye kriketi ya Uingereza ya zamani, ridhaa ilihusu zaidi ulizaliwa kwa nani. Mchezaji wa ridhaa alikuwa "bwana", mtoto wa watu wenye nazo. Wa kulipwa alihesabiwa kama kibarua, hata awe hodari vipi.

Tangu 1806 hadi 1962 kulikuwa na mechi maalumu ya Mabwana (wa ridhaa) dhidi ya Wachezaji (wa kulipwa). Walibadilishia nguo vyumba tofauti, na viwanja vingine viliwatengea hadi mageti. Kwenye kadi ya mechi, herufi za mwanzo za majina ya bwana zilitangulia ukoo. Za mchezaji wa kulipwa zilifuata nyuma. Kijana Fred Titmus, mchezaji wa kulipwa, alipokuwa akiingia kupiga kwenye uwanja wa Lord's, London, kipaza sauti kilisahihisha kadi: palipoandikwa F. J. Titmus pasomeke Titmus, F. J. Mbele ya umati mzima! Na si kwamba mabwana hawakugusa hela: W. G. Grace, bwana mkubwa kuliko wote, alivuna kuliko wengi wa kulipwa.

Maofisa wa jeshi walikuwa mabwana halisi, na A. E. J. Collins ni mfano mzuri. Alizaliwa India mwaka 1885, akafiwa na wazazi, akasomea Clifton College, Bristol. Juni 1899, akiwa na miaka 13, alisimama na gongo lake kwenye mechi kati ya mabweni ya shule kwa saa karibu saba, zilizogawanywa katika siku nne. Hakutolewa, na mpigaji asiyetolewa huendelea kupiga. Wenzake walipokwisha kutolewa, yeye alikuwa na mikimbio (pointi) 628 kati ya 836 ya timu. Kisha akarusha mpira na kuchukua wiketi 11, yaani akawatoa wapigaji wa upande wa pili mara 11.

Mtu wa leo angeshangaa hakutafuta timu kubwa. Yeye alichagua jeshi, akawa ofisa wa wahandisi, na kriketi akaicheza humo humo kwa kujifurahisha. Ya daraja la kwanza, yaani ya timu kubwa, hakuwahi kuicheza. Aliuawa karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 11 Novemba 1914, akiwa kapteni wa miaka 29.

Rekodi yake ya mikimbio mingi zaidi ya mpigaji mmoja ilivunjwa Januari 2016 na Pranav Dhanawade, mwanafunzi wa huko huko India, aliyepiga 1,009 bila kutolewa. Baba yake alikuwa dereva wa bajaji.