Fungueni mitaro kabla mchoro wa jengo haujapitishwa

Kazi yangu hapa Uingereza ni kupima viwanja vinavyoshukiwa kuwa na makaburi ya zama za kati kabla watu hawajajenga, na naomba niseme wazi, mtu wa makaburi aitwe wakati mhandisi bado anachora, sio siku zege limeshaagizwa.

Tunachofanya ni kufungua mitaro michache, mara nyingi asilimia 2 hadi 5 ya eneo, kwa eskaveta yenye ndoo isiyo na meno maana meno yanachana udongo na kuvuruga kila alama, inakwangua taratibu na mimi niko pembeni macho chini. Sitafuti mfupa kwanza, natafuta rangi. Kaburi likichimbwa udongo wa chini unachanganyika na wa juu, na hata ipite miaka 700 haurudi kuwa kama ulivyokuwa, kwa hiyo unaona umbo refu jembamba limelala mashariki-magharibi. Umbo peke yake halitoshi lakini! Mkristo wa London ya zamani alilazwa chali, kichwa magharibi, wakati Muislamu wa Kilwa alilazwa ubavu wa kulia akaelekezwa kibla, ambacho kwetu pwani ni kaskazini, kwa hiyo kichwa kinakuwa mashariki. Mashimo yanafanana mwelekeo, waliomo ndani wamelala tofauti kabisa.

Mfupa ukithibitika tunasimama. Tunapima kina, tunajua makaburi yanaanzia na kuishia wapi, tunafukia. Kumtoa marehemu kunahitaji kibali cha serikali, sheria yenyewe ni ya 1857 na bado inatumika.

Sasa angalia Spitalfields, London, palipokuwa na hospitali ya St Mary Spital kuanzia 1197 mpaka ilipofungwa 1539. Kabla ya kujenga maofisi pale walitolewa watu 10,516, yani mji mzima, na kuna mashimo marefu ambayo maiti zimepangwa tabaka juu ya tabaka, ukiona hivyo unasema moja kwa moja hii ni tauni ya 1348. Rediokaboni, kipimo cha umri wa mifupa, ikakataa. Mashimo mengi yalikuwa ya karibu miaka 100 kabla ya tauni hiyo, na wengi wakayahusisha na njaa ya 1258, wengine wakaenda mbali zaidi mpaka kwenye volkano ya Samalas kule Indonesia iliyolipuka 1257, ubishi huo haujaisha. Tauni yenyewe ilithibitishwa Charterhouse Square, hapo hapo London, ambako shimo la reli ya Crossrail lilifikia mifupa ya watu 25 mwaka 2013, na vinasaba vya vijidudu vyake vikaonekana kwenye meno yao. Huwa nikikumbuka hao watu najisikia kuwajibika kwao kabisa, walizikwa na watu waliokuwa wanaogopa kufa wenyewe na bado wakawalaza kwa mpangilio.

Ukijua mapema mhandisi anaweza kusogeza nguzo za msingi au kuinua sakafu, na marehemu wakabaki walipo, hili ndo napendelea kuliko kuwafukua. Ila mtaro mtupu usikudanganye. Udongo wenye asidi unakula mifupa, kule Sutton Hoo, makaburi ya kale mashariki mwa Uingereza, miili mingine imebaki kama kivuli tu kwenye mchanga, na stoo za chini ya majumba ya zamani zinaweza kuwa zimekata makaburi ya juu zikaacha ya chini. Kwa hiyo ukipewa ripoti inayosema hakuna kitu, uliza mitaro ilishuka kina gani na udongo ulikuwa wa aina gani.