Una kisukari na miguu haiumi? Maswali na majibu

Miguu yangu haina maumivu. Kwa nini niikague kila siku?

Huko kutouma ndiko kunakotutia hofu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, na ile iendayo miguuni ndiyo huanza kudhurika. Mtu anaweza kukanyaga msumari asubuhi, asijue mpaka jioni anapovua kiatu na kukuta soksi ina damu. Mishipa ya damu nayo huziba, kidonda kikachelewa kupona, vijidudu vikapenya hadi kwenye mfupa. Wapo waliokatwa mguu kwa jambo lililoanza na lengelenge la kiatu.

Nikague vipi?

Kaa penye mwanga. Tazama juu ya mguu, kisigino na unyayo, kisha tenganisha vidole kimoja kimoja, maana katikati yake ndipo wengi wetu hupasahau, na ndipo fangasi na mipasuko hujificha. Huwezi kuinama? Weka kioo sakafuni. Macho yakiwa yamefifia, na kisukari hugusa macho pia, mwombe mtu wa nyumbani wala usione haya. Pitisha na mkono: mguu mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, hiyo ni dalili.

Kuosha je?

Maji ya uvuguvugu, yapime kwa kiwiko kwanza. Unyayo wenye ganzi huungua bila kukuambia. Usiloweke miguu. Kausha katikati ya vidole, na hapo usipake mafuta.

Sugu naweza kuikata kwa wembe?

Hapana, tafadhali. Wala usiipake dawa ya kuichoma. Mwachie mhudumu wa afya.

Na viatu?

Usitembee peku hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa, ingiza mkono kiatuni utafute kijiwe au mshono uliochomoza. Vipya vinunue jioni, miguu inapokuwa imevimba kidogo.

Niende hospitali lini?

Ukiona kidonda, lengelenge, usaha, harufu au ngozi iliyobadilika rangi, nenda siku hiyo hiyo. Mguu uliovimba, mwekundu na wenye joto, hata usipouma, usiukanyagie: huenda mifupa inavunjika ndani, na kila hatua huizidishia madhara. Hata ukijiona mzima, angalau mara moja kwa mwaka mwombe daktari apime hisia za nyayo kwa uzi wa nailoni na kupapasa mapigo ya damu mguuni. Asipokumbuka kukuambia uvue viatu, vivue mwenyewe.