Porositi ya nywele ni nini, na kwa nini shampuu ya mwenzako wewe haikufai

Swali ni lile lile kila siku: nywele zangu zimefubaa, hazishikiki, nikichana zinakatika, nikiziacha zinakuwa timtim, nitumie shampuu gani jamani? Na majibu nayo ni yale yale, huyu anataja chupa ya njano, yule chupa ya kijani, wa tatu anakwambia achana na shampuu kabisa osha na maji matupu. Wote wanaweza kuwa wanasema kweli maana kila mtu anaongelea kichwa chake. Kabla hujatoa hela kuna kitu kimoja cha kujua, nacho ni jinsi nywele zako zinavyonyonya maji. Hiyo ndo porositi.

Kwa maneno mepesi, porositi ni uwezo wa unywele kuingiza maji ndani na kuyashika yasitoke. Basi. Haihusiani na urefu wala ujazo, na wala usidhani ni habari ya kipilipili au singa, unaweza kukuta ndugu wawili wa tumbo moja, nywele zinafanana ukiziangalia, mmoja akimwagiwa maji yanateleza kama juu ya jani la mgomba na mwingine yanazama hapo hapo. Hao wakitumia chupa moja lazima mmoja alalamike.

Sababu iko kwenye ganda la nje. Unywele umejengwa na protini inayoitwa keratini, na juu yake kuna magamba membamba yaliyopandana kama vigae vya paa, ncha za magamba zikiangalia chini kuelekea mwisho wa unywele. Unaweza kuyahisi sasa hivi, chukua unywele mmoja uliodondoka, ubane kwa vidole viwili uvute kutoka kwenye mzizi kwenda nchani, utateleza. Sasa vuta kinyume, kutoka nchani kurudi kwenye mzizi. Kunakwaruza kidogo eeh? Umeyapandisha magamba.

Magamba yakilala vizuri maji yanaingia kwa shida, na yakishaingia hayatoki haraka, hiyo tunaita porositi ya chini. Yakiinuka, yakimeguka au yakiwa na matundu, maji yanaingia kwa kasi na kutoka kwa kasi, hiyo ni porositi ya juu. Katikati kuna wenye bahati zao ambao wala hawasomi mambo haya. Pia kuna utando mwembamba sana wa mafuta uliogandia juu ya magamba, unywele unazaliwa nao, ndo unaofanya maji yateleze. Blichi, rangi za kudumu na dawa za kulainisha zinauondoa, na ukishaondoka haurudi kwa sababu unywele uliotoka nje ya ngozi umeshakufa, hauna damu wala seli hai ya kujitengeneza upya. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa "inaponya nywele" inakudanganya kidogo, inaziba tu viraka, na viraka vyenyewe vinatoka ukiosha. Sio kwamba ni vibaya, viraka vina kazi yake, ila ujue unanunua nini.

Hapo ndo kufubaa kunapoingia. Mng'ao wa nywele ni mwanga unaogonga juu na kurudi, uso ukiwa laini mwanga unarudi kwa pamoja unaona nywele zinang'aa, uso ukiwa na magamba yaliyosimama au ukiwa na uchafu uliogandia mwanga unatawanyika huku na huku unaona nywele kama zina vumbi. Na kwa wenye kipilipili niseme hili wazi, unywele unaojikunja hauwezi kung'aa kama singa hata ukiwa mzima kabisa, kila kona inapeleka mwanga upande wake, kwa hiyo usinunue madawa ya kutibu kitu ambacho sio ugonjwa.

Kuna kile kipimo maarufu cha kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji, ukielea una porositi ya chini ukizama una ya juu. Mimi sikiamini. Unywele mmoja ni mwepesi mno, uso wa maji peke yake unaweza kuubeba, na ukiwa na mafuta kidogo ya jana ndo kabisa. Bora uoshe kichwa vizuri, usipake kitu chochote, kisha unyunyizie maji ukiwa mbele ya kioo na usubiri. Matone yanakaa juu kama shanga, yanang'aa, mpaka uyasugue ndo yaingie? Nywele zinachukua karne kukauka? Krimu ukipaka inabaki nyeupe juu juu? Hiyo ni ya chini. Maji yanapotea mara moja, zinakauka kabla hujamaliza kuvaa, mafuta uliyopaka asubuhi mchana huyaoni, na hewa ikiwa na unyevu zinavimba timtim? Hiyo ya juu. Na pima sehemu mbili, karibu na ngozi na kule nchani, maana nywele zinakua kama sentimita 1 kwa mwezi, ncha ya nywele za sentimita 30 ina miaka kama 2 na nusu ya kuchanwa, kuchomwa pasi na kupigwa jua. Kichwa kimoja kinaweza kuwa na porositi mbili na wala sio ajabu.

Sasa shampuu. Watu wanaibebesha mzigo usio wake. Kazi ya shampuu ni kutoa mafuta, jasho na mabaki ya vipodozi, hasa kwenye ngozi ya kichwa, kulainisha sio kazi yake. Ndani yake kuna vikemikali vyenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, mkia unashika uchafu, kichwa kinashika maji, ukisuuza vinaondoka pamoja. Povu jingi halimaanishi umetakata, kuna shampuu haitoi povu la maana na inasafisha vizuri tu.

Salfeti, moja ya hivyo vikemikali vya kusafisha, ndo hao wanaosemwa vibaya kila mahali, kwenye lebo tafuta neno linaloishia na "sulfate". Zinasafisha kwa nguvu, na kwa nywele zenye porositi ya juu, zilizoblichiwa au kavu sana, ukizitumia kila mara utazikausha zaidi. Ila salfeti sio sumu, na hapa nina kesi yangu mwenyewe. Nilikaa muda mrefu sana nazikwepa, natumia vishampuu vya upole tu, juu yake siagi ya nywele, juu yake tena jeli, afu seramu ya kung'arisha, na nywele zikazidi kuwa kama kamba ya katani, mimi nikazidi kupaka nikidhani ni ukavu. Siku nimechoka nikaosha na shampuu kali ya kusafisha kwa kina, ile isiyo na mafuta wala krimu ndani, mara mbili. Maji kwenye beseni yalikuwa yamepauka kama maji ya kuoshea mchele na yanateleza vidoleni. Nikaosha mara ya pili yakatoka safi, na nikashangaa nywele zimelowa zenyewe mpaka ndani bila mimi kuzisugua. Kumbe maji yalikuwa hayaingii siku zote hizo! Nilikuwa napaka kondishena juu ya utando.

Utando huo mara nyingi ni silikoni zisizoyeyuka kwenye maji, majina yake mengi kwenye lebo yanaishia na "cone", pamoja na siagi nzito na nta. Silikoni yenyewe sio adui, inalaza magamba, inapunguza msuguano, na mwenye porositi ya juu anaweza kuifurahia sana. Shida inakuja kwa mwenye porositi ya chini anayeweka tabaka juu ya tabaka bila kuosha vya kutosha. Kwa hiyo mwenye porositi ya chini achague vitu vyepesi, vya majimaji, na shampuu kali mara moja moja, labda kila baada ya wiki tatu nne. Ya juu ni kinyume, shampuu ya upole ndo ya kawaida, kondishena nzito, na juu yake kitu cha kuzuia maji yasitoke, kama mafuta.

Maji yako nayo yaangalie. Maji magumu, yale ambayo ukiosha na sabuni ya mche povu linagoma, yana kalsiamu na magnesiamu, zinakutana na sabuni zinatengeneza ukoko mweupe unaogandia kwenye nywele, hapo utafubaa hata ununue chupa ya bei gani. Dawa yake ni shampuu yenye "EDTA" kwenye lebo, inazishika hizo chumvi zinaondoka na maji. Na sabuni ya mche kichwani naomba tuachane nayo, pH yake (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi) iko kama 9 mpaka 10 wakati ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5 na unywele wenyewe unapenda asidi zaidi ya hapo, ukiupeleka juu huko unavimba, magamba yanasimama, nywele zinakwamana zenyewe kwa zenyewe.

Kondishena ndo yenye kazi ya ulaini. Unywele ukiharibika unabaki na chaji hasi nyingi, na kondishena ina vitu vyenye chaji chanya, vinavutana, kwa hiyo inagandia zaidi pale palipoumia. Ndo maana ukiipaka nchani unahisi chanuo linapita ghafla. Tafuta majina kama "behentrimonium" au "cetrimonium" katika mistari ya mwanzo. Na usiogope ukiona "cetyl alcohol", hiyo ni alkoholi ya mafuta, inalainisha, inayokausha ni ile "alcohol denat" ikiwa juu kwenye orodha.

Orodha yenyewe isomwe hivi: viungo vinaandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi mbele, vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote mwishoni. Sasa chupa imechorwa picha kubwa ya mafuta fulani ya ajabu, ukigeuza chupa unakuta kwenye orodha mafuta hayo yametajwa baada ya manukato, hapo umenunua harufu na picha.

Mafuta kwa kifupi: hayaongezi maji, yanazuia yasitoke, kwa hiyo paka zikiwa na unyevu. Nazi iko tofauti kidogo kwa sababu inapenya ndani, kuna utafiti wa 2003 uliyalinganisha na ya alizeti na mafuta ya madini, nazi ndo yaliyopunguza nywele kupoteza protini. Paka kabla ya kuosha. Ila mwenye porositi ya chini asiyajaze, na protini za kwenye chupa nazo asizikimbilie, mimi mwenyewe zilinifanya nywele ziwe ngumu kama fagio la chelewa.

Kama nywele zimebadilika ghafla, zinadondoka, na mwili umechoka choka, acha chupa nenda kapime damu, upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo yanajionyesha kichwani pia.

Ukishajua uko wapi badilisha kitu kimoja kimoja, sio shampuu, kondishena na mafuta vyote wiki moja, hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekuharibu. Ipe kila chupa maosho manne matano. Na ncha zilizoungua usizihangaikie sana. Za kwangu zilichomwa na blichi, nikazipaka kila kitu mwaka mzima, mwisho nikakata vidole vinne, na ile kondishena ya kawaida niliyoitupa nyuma ya kabati nikiidharau ikaanza kufanya kazi osho lililofuata.