Je, wajua kwa nini unaweza kuwa na malkia, kete yenye nguvu kuliko zote, na bado usishinde chesi?

Juzi jioni hapa Kisumu, karibu na soko la Jubilee, nilikuta fundi wa simu na jamaa wa boda wanacheza chesi juu ya kreti ya soda, watu wamewazunguka. Wa boda alikuwa amebaki na mfalme peke yake kwa kona, fundi ana mfalme na malkia, akasongesha malkia akapiga ubao paa, "Omera, umekwisha!" Jamaa akaangalia kitambo, akasema apana, hii ni droo. Kelele zikaanza, lakini wa boda alikuwa sawa kabisa.

Chesi hushindi kwa kumaliza kete za mwenzako, unashinda kwa kumshika mfalme, yaani ashambuliwe na akose pa kutorokea. Sasa mfalme wa boda pale alipokaa hakuna kitu kilikuwa kinamgusa, ila boksi zote 3 za kando yake zilikuwa zinalindwa na malkia, na sheria hairuhusu upeleke mfalme wako kwa hatari, na tena hakuna kuruka zamu. Hajashikwa, hana pa kwenda, hana kete nyingine ya kusongesha, basi mchezo unaisha hapo, kila mtu nusu pointi.

Hata haikuwa hivi siku zote. Uingereza karne ya 17 na 18, ukimkwamisha mwenzako hivyo ni wewe ulihesabiwa umeshindwa! Ikawa droo karne ya 19 ikianza, na mimi naona ni haki, maana aliyebaki na mfalme peke yake bado ana kitu cha kupigania. Hata mabingwa yamewakuta, mwaka wa 1978 huko Baguio, Ufilipino, mchezo wa 5 wa Korchnoi na Karpov kupigania taji la dunia uliisha hivyo hivyo, hatua ya 124.

Mtego wenyewe ni huu: mfalme akiwa kwa kona, malkia asikae umbali wa mruko mmoja wa farasi kutoka kwake, yaani boksi mbili upande mmoja na moja kando. Muweke mstari wa pili kutoka ukingoni, safu ya 4 ukihesabu kutoka kona, mfalme atabaki akicheza kona na boksi ya pili, kona na boksi ya pili, na wewe unaleta mfalme wako polepole mpaka akaribie, ndio malkia aingie kummaliza. Fundi alimsogeza malkia karibu boksi moja tu zaidi.