Tazama upenu: nyumba za udongo katika kadi za posta za Mombasa

Wanaokusanya kadi za posta za zamani za Mombasa hutafuta Ngome ya Yesu, barabara ya Ndia Kuu katika Mji wa Kale, na roshani za mbao. Mimi kazi yangu ni kukarabati majengo ya kale, na jicho langu hukimbilia pembeni mwa picha. Huko ndiko ziliko nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, ambazo mpiga picha hakuzikusudia.

Umri kwanza. Ukiona reli nyembamba barabarani, hizo ni za vigari vilivyosukumwa na watu, vilivyotumika tangu miaka ya 1890 hadi miaka ya 1920. Rangi usiziamini sana: kadi nyingi za zama hizo zilichapwa Ujerumani, na aliyezitia rangi mara nyingi hakuwahi kuuona ukuta wenyewe.

Ukuta wetu si wa matofali mabichi yaliyokaushwa juani, kama wa New Mexico kule Marekani. Husimamishwa nguzo za mikoko, zikafungwa fito kwa kamba, katikati pakajazwa udongo na vipande vya mawe, kisha ukakandikwa. Wenye uwezo waliupaka chokaa, na ndiyo maana pichani unaweza kudhani ni nyumba ya mawe. Angalia kona: ya udongo huwa na mviringo kidogo.

Ila ninachokitafuta hasa ni upenu, yaani ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta. Kwenye kadi hizo makuti yameshuka mno, kivuli kimefunika sehemu kubwa ya ukuta. Upenu ule ndio uliokuwa ukiulinda udongo, kwa kuwa maji ya masika yalidondokea mbali na msingi. Mabati yalipoingia, penu nyingi zikawa fupi. Maji yakarukia chini ya ukuta, watu wakaziba kwa saruji. Chokaa huacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, udongo ukalainika nyuma ya plasta inayoonekana nzima. Inaniuma kuona nyumba ikibomolewa kwa kuitwa mbovu, ilhali kilichoiharibu ni dawa tuliyoipaka wenyewe.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wa Mji wa Kale na Majengo: picha za harusi na za Idi zilizopigwa barazani msizikate pembe ili nyuso zionekane vizuri. Mkizipiga skani, ziwe nzima, mbele na nyuma. Fundi akiupata upenu wa zamani, atajua paa jipya alishushe hadi wapi.