Mtoto mchanga kushindwa kusaga laktosi

Laktosi ni sukari ya maziwa. Maziwa ya mama yana takriban gramu 7 katika kila mililita 100, na utumbo mwembamba huivunja kwa kimeng'enya kiitwacho laktasi. Kimeng'enya hicho kikipungua, sukari hupita nzima hadi utumbo mpana, ikavuta maji na kuchachushwa na bakteria. Ndiyo maana mtoto huharisha choo cha maji chenye povu na harufu ya uchachu, tumbo likajaa gesi, na makalio yakababuka.

Kuzaliwa bila laktasi kabisa ni nadra mno. Mtoto wa aina hiyo huharisha tangu anapoanza kunyonya na uzito hauongezeki. Ni wa hospitali upesi. Kwa wengi tatizo ni la muda: njiti ambaye laktasi yake haijakomaa, au mtoto ambaye kuhara kumechubua ukuta wa utumbo, mahali laktasi inapotengenezwa.

Choo laini cha njano kila baada ya kunyonya, huku uzito ukipanda vizuri, ni hali ya kawaida. Damu au kamasi kwenye choo, pamoja na ukurutu, huelekeza zaidi kwenye aleji ya protini ya maziwa ya ng'ombe. Aleji hiyo na kushindwa kusaga laktosi huchanganywa mno, na kwa ajili ya laktosi mama hunyimwa chai ya maziwa bure: laktosi hutengenezwa ndani ya titi lenyewe, ale asile.

Maabara hupima asidi na sukari katika majimaji ya choo. Nepi huyanyonya, kwa hiyo tandika plastiki safi ndani yake, kisha wahisha sampuli.

Anayenyonya asiachishwe. Amalize titi moja kwanza, kwa sababu maziwa ya mwisho yana mafuta mengi na hupita tumboni polepole, laktasi ikapata muda wa kufanya kazi. Anayetumia maziwa ya kopo, daktari anaweza kumbadilishia yasiyo na laktosi kwa wiki 2 hadi 4, kisha amrudishe kwenye ya kawaida. Maziwa ya mbuzi si dawa. Nayo yana laktosi, na hayamfai mtoto mchanga.

Utosi ukibonyea, mtoto akilegea, akikataa kunyonya, akikaa saa 6 bila mkojo au joto likifika nyuzi 38, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na uendelee kumnyonyesha njiani ikiwa anaweza.